Shilingi 2,500 ni chumba gani siku hizi?
Katika makala yako umeeleza vizuri kuhusu kodi za nyumba kupanda, ila hukuigusa dipoziti, na hapo ndipo wapangaji tunapoumia zaidi. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi bado inalinda nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa Nairobi ya leo, hicho ni chumba gani? Wengi wetu tumeachwa nje ya ulinzi huo, mwenye nyumba akiimeza dipoziti yote kwa kisingizio cha kupaka rangi upya. Mimi nilikatwa kwa misumari miwili ya pazia! Nao wenye nyumba wasikilizwe: kesi ya mpangaji asiyelipa isiburuzwe miezi na miezi huku benki inadai mkopo wake. Wabunge wapandishe kwanza kiwango hicho cha shilingi 2,500, na waandike wazi dipoziti irudishwe ndani ya siku ngapi.