Watoto Waonyeshwe Jiji Jioni

Kila Desemba shule zinapofungwa, mabasi yanayoingia kituo cha Magufuli, Mbezi, huleta jijini Dar es Salaam familia nyingi kutoka nyanda za baridi: Makete, Njombe, Mbulu, Lushoto. Wenyeji huwapokea kwa furaha, na siku ya pili tu ratiba huwa tayari. Asubuhi huishia kwenye chai ndefu na salamu. Saa nne na nusu ndipo watu hutoka. Sanamu ya Askari, Makumbusho ya Taifa, pantoni ya Kigamboni, Kariakoo kununua viatu vya sikukuu, kisha Coco Beach kula mihogo. Mtoto wa miaka mitatu hufuatana nao akiwa ameshikwa mkono, amevaa suruali nzito ya jinzi na shati lililofungwa vifungo hadi shingoni. Mdogo wake wa miezi mitano yuko mgongoni mwa mama ndani ya kitenge, kichwani kofia ileile ya sufi aliyotoka nayo nyumbani.

Ratiba hiyo ina kasoro ambayo ukarimu hauwezi kuifidia. Imepangwa kwa kufuata orodha ya mambo ya kuonwa, wala si kwa kufuata mwili wa yule anayepelekwa kuona.

Kati ya Desemba na Machi joto la mchana la Dar es Salaam hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi. Namba hiyo peke yake haitishi. Lakini hewa ya pwani imejaa unyevu, na jasho hupoza mwili linapokauka, si linapotiririka. Jasho linaloshuka hadi visigino halijampoza mtu. Limempunguzia maji tu. Mtoto mdogo hutoka jasho kidogo kuliko mtu mzima, na kila anapotembea mwili wake huzalisha joto jingi kwa kila kilo ya uzito, kwani hatua moja ya baba ni hatua tatu zake. Ngozi yake ni pana ukiilinganisha na uzito wake, hivyo hupokea kwa wingi jua la juu na joto la lami ya chini, ambayo iko karibu zaidi na uso wake kuliko wa baba. Tena haombi maji hadi kiu imzidi, na wa miezi mitano hawezi kuomba kabisa.

Wenyeji hujibu kwamba watoto wa Temeke na Manzese hucheza juani kutwa wala hawadhuriki. Jibu hilo lina ukweli nusu. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, na mtoto wa Temeke amelizoea tangu kuzaliwa. Anapochoka huingia kivulini mwenyewe. Hakuna anayemvuta mkono kwa sababu bado sehemu tatu hazijaonwa.

Mbeleko yenyewe haina kosa. Mtoto mgongoni yu salama na husikia sauti ya mama. Kosa ni sufi, soksi, na kitambaa kinachofunikwa juu ya kichwa ili kuzuia jua, ilhali kinazuia pia hewa. Na mgongo wa mama nao unatoa joto. Hapa wahudumu wa afya wana sehemu yao ya lawama. Mama hufundishwa vema kumkinga mtoto mchanga na baridi, lakini ni nadra aambiwe ni lini amvue. Katika joto la Dar es Salaam fulana moja nyepesi ya pamba yatosha, na aliye chini ya miezi sita hapewi maji bali hunyonyeshwa mara nyingi zaidi. Kuhusu gari neno moja tu: likiegeshwa juani, joto la ndani hupanda kwa takriban nyuzi 10 katika dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo husaidia kidogo sana. Mtoto asiachwe humo, hata akiwa amelala, hata kwa kwenda kununua vocha.

Yote haya hayadai wageni wafungiwe ndani. Makumbusho ya Taifa yana fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na mtoto ana haki ya kuliona. Lakini sehemu moja kwa siku inamtosha. Itembelewe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na kama milango hufunguliwa mchana tu, basi aende moja kwa moja chini ya paa na kurudi, bila kupitia Kariakoo. Ufukwe ni wa jioni. Siku tatu za kwanza ni za kivuli na ndugu. Jiji nalo linadaiwa: katikati ya mji mzazi hutembea mbali bila kuona bomba la maji ya kunywa la umma, na kivuli hupungua kila mti unapokatwa kupisha maegesho.

Hatari kubwa zaidi huja usiku, matembezi yakiisha. Mtoto ana joto, analia, anatapika. Nyumba hugawanyika: shangazi anasema ni malaria, mjomba anasema ni jua tu, na wote wawili wanakubaliana juu ya parasetamoli. Dawa hiyo hushusha homa ya maambukizi, ambayo ubongo wenyewe umeipandisha. Joto lililoingia kutoka nje haligusi. Mtoto wa namna hiyo avuliwe, apelekwe penye hewa, alowanishwe maji mwili mzima na kupepewa, na kama yu macho apewe maji ya ORS kidogo kidogo. Akiwa amelegea, haeleweki anachosema, au amepatwa na degedege, asinyweshwe chochote. Apozwe huku akikimbizwa kituoni, maana joto la mwili la nyuzi 40 na fahamu iliyovurugika halisubiri asubuhi. Kituoni apimwe malaria na sukari, na kazi ya kumpoza isisimame kwa ajili ya kungoja majibu.

Kauli ya mjomba nayo huua kwa njia yake. Vimelea vya malaria kwa kawaida huhitaji siku 7 au zaidi tangu mbu amwume mtoto hadi homa ianze. Dengi huhitaji siku 4 hadi 10. Kwa hiyo homa ya siku ya pili haikutokana na mbu wa Dar es Salaam, ingawa kipimo bado chahitajika, kwa kuwa mtoto huenda aling'atwa kwingine kabla ya safari. Ile ya mbu wa Dar es Salaam hujitokeza familia ikiwa imekwisha kurudi Makete, ambako malaria ni haba na kikohozi cha baridi ni cha kila siku. Huko ndiko mhudumu wa zahanati, kabla ya kuandika dawa ya mafua, anapopaswa kumuuliza mama swali moja: sikukuu mlikuwa wapi?