Maumivu ya kiuno: Mazoezi ya kwenye simu yanafaa, lakini pima kwanza

Ukipita Mafinga utawaona vijana wakipakia mbao za Sao Hill kwenye malori tangu asubuhi, na jioni wengi wao wameshika kiuno. Wachuma chai wa Mufindi nao kilio chao ni hicho hicho. Mmoja atakimbilia vidonge vya maumivu duka la dawa, mwingine atajifunga mkanda na kulala kitandani wiki nzima. Siku hizi wapo pia wanaopakua kwenye simu programu za mazoezi ya mgongo. Je, zinafaa?

Kwa maoni yangu zinafaa kuliko kuzoea vidonge, ambavyo vikitumika ovyo huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Lilipendekeza mazoezi, na likashauri mikanda ya kiuno isiwe tiba ya kawaida.

Hata hivyo usitarajie miujiza. Programu iitwayo selfBACK ilijaribiwa Denmark na Norway kwa watu 461, na matokeo yakatolewa mwaka 2021. Baada ya miezi mitatu walioitumia walikuwa na nafuu kuwazidi wenzao, ila kwa tofauti ndogo. Tena watu hao walikuwa wameshakwenda kutibiwa kabla ya kupewa programu. Sisi tunaanza na simu, hospitali baadaye!

Hapo ndipo penye hatari. Kiuno kinachouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda kinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hicho hakiponi kwa mazoezi. Ukifa ganzi sehemu za siri, mkojo ukiziba au kutoka bila kujijua, au miguu ikiishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama umeanguka au umeangukiwa na gogo.

Ukishapimwa, mwoneshe mtaalamu wa mazoezi ya viungo hiyo programu akuchagulie mazoezi mawili matatu, maana nyingi ni za Kiingereza. Zoezi moja halihitaji hata bando: lala chali, kunja magoti, inua makalio taratibu, kisha yashushe. Anza mara chache, uongeze siku hadi siku. Kuuma kidogo ni kawaida, lakini maumivu yakianza kushuka mguuni, acha urudi kwa mtaalamu.