Mbwa anayejikuna ahitaji chakula kamili, si chakula ghali

Katika nyumba nyingi humu nchini, mbwa ni askari asiyelipwa mshahara. Hulala nje kwenye baridi, huzuia wezi, na ifikapo jioni hutupiwa ukoko wa ugali na mifupa iliyokwisha kutafunwa. Siku manyoya yake yanapoanza kunyonyoka na ngozi kuwa nyekundu kwa kujikuna, husemwa ana upele na kufukuzwa uani.

Huenda msomaji akauliza daktari wa binadamu ana haja gani na ngozi ya mbwa. Haja ipo, tena kubwa. Mbwa aliyefukuzwa hugeuka mbwa koko. Hushinda jaani akipigana na wenzake, wala hana mwenyewe wa kumpeleka kuchanjwa. Kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao mtu akishaonyesha dalili zake ni nadra sana kupona, huletwa kwa binadamu na mbwa karibu katika visa 99 kati ya 100. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kuuangamiza kufikia 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa aliyetupwa hafiki kwenye foleni ya chanjo. Ndiyo maana nasema kwamba sufuria ya mbwa ni jambo la afya ya jamii.

Kwa maoni yangu, wenye mbwa wa ngozi dhaifu hupotoka kwa njia mbili. Mmoja humlisha ugali mtupu. Mwingine, mwenye uwezo, hukimbilia dukani kununua mfuko wa bei ya juu ulioandikwa kuwa ni wa ngozi. Wote wawili hawajajiuliza ni nini hasa kinachomwasha mnyama huyo.

Tuanze na ugali. Manyoya ni karibu protini tupu, na ngozi hujifanya upya kila mara. Viwango vinavyotumiwa Marekani vyataka chakula cha mbwa mzima, kikiondolewa maji, kiwe na angalau asilimia 18 ya protini. Unga wa mahindi una asilimia 8 au 9 tu. Isitoshe, nafaka ina kitu kinachoshika madini ya zinki yasiingie mwilini vyema, na mbwa aliyepungukiwa na zinki hutoka magamba kuzunguka macho, mdomoni na nyayoni. Mafuta nayo yakikosekana, manyoya hufifia na ngozi hukauka.

Jambo hili sisi madaktari wa watu tulilijua kupitia kwa mbwa. Mapema katika karne iliyopita, maelfu ya maskini wa kusini mwa Marekani walioishi kwa mahindi waliugua pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa akili. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka wa 1914, alionyesha kwamba kiini chake ni chakula, si viini vya kuambukiza. Mbwa waliolishwa vyakula kama vya wagonjwa hao nao waliugua, ndimi zao zikawa nyeusi. Mwaka wa 1937, Conrad Elvehjem na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwaponya mbwa wa namna hiyo kwa vitamini iitwayo niasini, na punde wagonjwa wa pelagra wakaanza kutibiwa kwa vitamini hiyo hiyo. Mbwa walitusaidia kuwaponya watu. Si haki kuwarudisha kwenye mlo ule ule.

Kuna hatari nyingine. Mahindi yakishaota ukungu, wengi husema, "Wapeni mbwa." Mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi iliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya nchi yetu. Sumu hiyo haimchagui mlaji. Mwishoni mwa 2005 huko Marekani, mbwa wengi walikufa kwa kula chakula cha dukani kilichokuwa nayo. Kupika hakuiondoi. Mahindi yasiyofaa mtoto wako hayafai mbwa wako.

Sasa nimgeukie mwenye mfuko ghali. Kabla ya kulaumu chakula, mpasulie mbwa manyoya mgongoni karibu na mkia. Ukiona viroboto, au vichembe vyeusi ambavyo ukiviweka kwenye karatasi iliyoloa vinaacha wekundu, umempata mwizi. Mbwa wanaodhurika kwa mate ya kiroboto ni wengi kuliko wanaodhurika kwa chakula, na wa aina hiyo huweza kujikuna kwa siku kadhaa kwa sababu ya viroboto wachache tu. Tibu mbwa wote wa nyumbani na ufagie wanapolala. Ikiwa na watu wa nyumbani wanawashwa, huenda ni upele wa mbwa. Vijidudu vyake haviwezi kuzaana katika ngozi ya binadamu, lakini humsumbua mtu mpaka mbwa mwenyewe atibiwe. Hapo hakuna mfuko wa chakula utakaosaidia. Mwone daktari wa mifugo.

Viroboto na upele vikiondolewa, na mbwa bado anajikuna masikio, anaramba nyayo na tumbo lake si shwari, ndipo chakula kishukiwe. Hapa watu hushangaa, kwa maana kinachomdhuru mara nyingi si kitu kigeni. Ni kile alichozoea, hasa nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au ngano.

Njia ya kuhakikisha haihitaji mashine. Mchagulie aina moja ya nyama ambayo hajapata kuila, na wanga wa aina moja. Kwa mbwa aliyezoea nyama ya ng'ombe, waweza kumpa samaki au nyama ya mbuzi pamoja na viazi vitamu. Ale hivyo kwa wiki 8 bila kuonja kingine chochote: si makombo, si maziwa, si mfupa wa jirani. Waambie watoto na mfanyakazi wa nyumbani, kwani kipande kimoja cha mkate chaweza kuharibu kazi yote. Akitulia, mrudishie chakula cha zamani. Akianza kujikuna tena kabla ya wiki mbili kuisha, umepata jawabu. Mtoto wa mbwa na aliye na mimba wasijaribiwe hivi bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Na mbwa asiye na tatizo hilo? Changanya ugali au wali na omena waliooshwa mchanga. Omena aliyekaushwa, zaidi ya nusu yake ni protini, na mafuta ya samaki ni ya aina inayotuliza ngozi. Ongeza yai lililopikwa, au matumbo na mapafu kutoka buchani, lakini uyachemshe hasa. Maini na mapafu mabichi yenye vifuko vya maji humpa mbwa minyoo ambayo mayai yake humwotesha mtu uvimbe wa maji kwenye ini. Turkana wanaujua ugonjwa huo vyema. Usitie vitunguu wala vitunguu saumu, na mifupa iliyopikwa usimpe kabisa, maana huvunjika na kuchoma utumbo.

Ukinunua cha mfuko, soma maandishi madogo ya nyuma na uache picha ya mbele. Tafuta kiasi cha protini, jina la nyama iliyotumika, tarehe ya mwisho, na maneno yanayosema ni chakula kamili. Chenye kuandika "nyama" bila kusema ya mnyama gani hakimfai mbwa mwenye mzio. Kile kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi hukijui umri wake wala kilivyohifadhiwa.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Lakini kilicho ghali nacho hakitengenezi upishi chenyewe. Mtibu mbwa wako viroboto, mpe protini na mafuta, umwepushe na ukungu, na siku ya chanjo umfunge kamba umpeleke. Akilindwa yeye, na watoto wako wamelindwa.