Marufuku kutengeneza, ruksa kuingiza: Ujerumani ina somo kwetu

Mfanyabiashara anayevuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda anajua kwamba mfuko wa plastiki hauvuki. Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008, Tanzania ikafanya hivyo mwaka 2019. Kwa miaka kumi na zaidi, mfuko uliokuwa halali upande mmoja wa daraja ulikuwa kosa upande wa pili. Tulizoea, kwa kuwa mfuko ni mfuko tu. Lakini itakuwaje siku kitakapofika mpakani kitu ambacho nchi moja inakiita dawa, na jirani yake anakiita uhai wa mtu?

Ulaya imekwishakutana na swali hilo, tena ndani ya soko la pamoja kama hili tunalolijenga sisi.

Jambo lenyewe ni seli shina za kiinitete, yaani yai la mwanamke lililorutubishwa na kufikisha siku chache tu. Mwaka 1998 mtafiti wa Marekani, James Thomson, alifaulu kukuza maabara seli zilizotolewa ndani ya kiinitete cha binadamu. Seli hizo zinaweza kugeuka kuwa za moyo, za neva au za kongosho, na ndiyo sababu wagonjwa wa Parkinson na wa kisukari wanazitazamia. Ubaya ni kwamba kwa kawaida kuzitoa kunakiua kiinitete.

Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1990, iliruhusu utafiti wa viinitete kwa leseni, mradi kisikuzwe kupita siku 14. Ujerumani, ambayo haijasahau maovu ya madaktari wa enzi ya Hitler, iliukataza mwaka huohuo. Nchi zote mbili zilikuwa katika soko moja.

Mwaka 2002 Ujerumani ikatunga sheria ambayo kila mtu wa mpakani ataielewa upesi. Kutengeneza seli hizo nchini ni marufuku. Kuziingiza kutoka nje kwa ajili ya utafiti ni ruksa, ukiwa na kibali, ikiwa zilitengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 2002. Tarehe hiyo iliwekwa ili fedha ya Ujerumani isiwe chambo cha kuharibu viinitete vipya ng'ambo. Watafiti walipolalamika kwamba seli hizo za zamani hazifai tena, mwaka 2008 Bunge likasogeza tarehe hadi 1 Mei 2007.

Wapo walioita huo unafiki: nyumbani mikono safi, kazi chafu afanye jirani. Nakubaliana nao kwa sehemu, maana tarehe iliyosogezwa mara moja yaweza kusogezwa tena. Hata hivyo Wajerumani hawakufumba macho mpakani. Walibishana bungeni hadharani, wakaandika kinachopita na kisichopita, wakaweka ofisi ya kutoa vibali. Asiyefanya hivyo anaiachia magendo kazi.

Kisha likaja suala la umiliki. Profesa Oliver Brüstle wa Bonn alikuwa na hataza ya njia ya kupata seli za neva kutokana na seli shina za kiinitete. Shirika la Greenpeace likaipinga. Tarehe 18 Oktoba 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba uvumbuzi unaohitaji kuharibu kiinitete cha binadamu haupewi hataza. Watafiti walinung'unika kwamba Ulaya italima na wengine watavuna. Hoja hiyo ina uzito. Kanuni nayo ina gharama yake.

Ninachokiona mimi ni hiki: mahakama haikuwalazimisha Waingereza na Wajerumani kuwa na dhamiri moja. Kila nchi ilibaki na sheria yake ya utafiti. Walichofungwa nacho wote ni jibu moja kuhusu kitu ambacho mtu hawezi kujimilikisha.

Itifaki yetu ya Soko la Pamoja ilianza kufanya kazi Julai 2010, na inahusu huduma pia, si magunia ya mahindi peke yake. Jumuiya ina Bunge Arusha na ina Tume ya Utafiti wa Afya Bujumbura. Walianze jambo hili sasa, kabla shehena ya kwanza haijafika. Misikiti, makanisa, madaktari na wagonjwa wasikilizwe. Nchi zikitofautiana, zitofautiane kwa maandishi: kipi kinaruhusiwa wapi, kwa kibali cha nani, na kipi hakiuzwi popote.

Sisi tunaovuka kila wiki tunajua hasara ya kuchelewa. Sheria ambayo serikali hazikuiandika, mpakani huandikwa na ofisa wa zamu.