Sindano ya damu yako: uliza kwanza, uchomwe baadaye

Kuna stori inapendwa vijiweni, kuanzia Marangu Mtoni hadi nje ya Uwanja wa Ushirika, Moshi. Eti staa wa Ulaya akiumia anachomwa sindano ya damu yake mwenyewe, wiki ijayo yupo uwanjani. Stori tamu, ila ni nusu.

Sindano ipo kweli. Unatolewa damu, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine. Chembe nyekundu zinashuka chini, juu inabaki plazima yenye chembe sahani nyingi. Hizo ndizo zinazogandisha damu ukijikata, na zinatoa protini zinazochochea seli kukua ili kidonda kifunge. Plazima hiyo ndiyo unayochomwa palipoumia. Mcheza tenisi Rafael Nadal alitibiwa magoti hivyo mwaka 2010.

Sasa nusu ya pili. Mwaka 2014, watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wanamichezo 80 walioumia nyama za nyuma ya paja. Waliochomwa chembe sahani hawakurudi uwanjani mapema kuliko waliochomwa maji ya chumvi. Kwa jeraha linalowasumbua sana wanasoka wetu, hakuna njia ya mkato hapo.

Halafu kuna usalama. Huko New Mexico, Marekani, wateja wa saluni ya urembo isiyo na leseni walipata VVU kupitia huduma ya aina hii usoni. Wakaguzi walikuta chupa za damu zisizo na majina, nyingine ndani ya friji moja na chakula. Damu yako ni salama kwako, lakini ikichanganywa na ya mwenzako basi tena.

Kwa hiyo kijana wa ndondo, ukiambiwa kuna mtu anachoma sindano hiyo chumba cha nyuma, kataa. Nenda hospitali yenye wataalamu, KCMC iko hapo hapo Moshi, upimwe ijulikane umeumia nini. Daktari akishauri sindano, uliza: jina langu lipo kwenye chupa? Sindano ni mpya, imefunguliwa mbele yangu?

Na nyie viongozi, begi lenye barafu na dawa ya kupuliza si kitengo cha tiba. Kabla ya kuchangishana hela ya sindano, tafuteni mtaalamu wa viungo awasimamie majeruhi mazoezini. Mechi ya Jumapili ikikupita, ipo nyingine. Ukichomwa damu ya mtu mwingine, hakuna marudiano.