Kusafisha si Kufuta

Hivi karibuni, nikiwa Laiser Hill katika Kaunti ya Kajiado, mwalimu mmoja wa historia alinionyesha stesheni ndogo ya bati, kitu cha kuchezea cha enzi za ukoloni kilichoandamana na garimoshi la watoto. Wanafunzi wake walikuwa wamekisugua kwa msasa hadi kikang'aa. Wao waliona fahari; mimi niliona msiba. Jina la mtengenezaji, saa ya ukutani na abiria waliochorwa madirishani, vyote vilikuwa vimetoweka.

Siwalaumu vijana hao. Walitenda walivyolelewa, kwamba kilicho safi ni kile king'aacho. Lakini msasa haujui kutofautisha uchafu na rangi.

Vifaa vya namna hii, ambavyo makampuni kama Märklin ya Ujerumani na Hornby ya Uingereza yalivitengeneza, vina siri yao. Mara nyingi rangi ilipigwa chapa juu ya bati likiwa bado bapa, ndipo likakatwa na kukunjwa. Ikishabanduka, hairudi. Aidha, bati lenyewe ni chuma chembamba kilichovikwa utando wa madini ya bati. Utando huo ukikwaruzwa, kutu imefunguliwa mlango.

Basi ifanyweje? Vumbi liondolewe kwa brashi laini. Uchafu ulioganda ufutwe kwa pamba iliyoloweshwa kidogo tu katika maji vuguvugu yenye sabuni hafifu, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana. Kisha kifaa kikaushwe papo hapo. Palipobanduka rangi na kushika kutu, tone la mafuta ya cherehani latosha. Kilichopinda kinyooshwe taratibu kwa vidole na kipande cha mti, wala si kwa nyundo. Na rangi mpya ibaki mkebeni.

Huenda msomaji akauliza: kichezeo cha mtoto wa mkoloni chatuhusu nini? Chatuhusu sana. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 ndiyo iliyozaa miji yetu mingi, na tawi lake la Magadi linapita katika Kajiado hii hii. Watoto wetu nao waliunda magari yao kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, na ni machache mno yaliyohifadhiwa. Katika taaluma yangu ya isimu, mhariri anayeugeuza muswada wa kale kuwa Kiswahili sanifu huharibu ushahidi uleule aliokabidhiwa kuulinda. Ndivyo ilivyo kwa bati.

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Hata kabla ya safari hiyo, kila shule na itenge kabati moja kavu kwa ajili ya vitu vya kale vitokavyo majumbani, kila kimoja kikiwa na karatasi inayoeleza kimetoka wapi na kilikuwa cha nani. Nanyi wanafunzi, mkikuta kitu kikuukuu sandukuni mwa babu, ulizeni kwanza habari zake. Msasa unaweza kungoja.