Kitale na Bungoma: ghala limejaa, chungu je?

Kila inapozungumzwa lishe ya familia hapa kwetu Pwani, lawama humwangukia mama. Ameacha kupika, twasema. Awalisha watoto chipsi na viazi karai vya njiani, hajui tena kuchemsha mchunga wala kutwanga kisamvu kikaiva na nazi. Maneno haya yasikika barazani, harusini na hata matangani. Sikatai kwamba chakula kilichopikwa nyumbani ndicho bora. Lakini hebu tuwatazame kwanza wenzetu wa Kitale na Bungoma, ambako mahindi mengi ya sima yetu hutoka. Kule hakuna awezaye kusema kwamba ardhi haizai au kwamba akina mama hawajui kupika. Ikiwa huko nako nyumba hushindwa kula vyema, basi tumekuwa tukimkemea mtu asiye na kosa.

Kitale ni mji wa mahindi kwa maana kamili. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzia hapo mwaka 1956. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mbegu ya H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya hapo na mengine yaliyoletwa kutoka Ecuador, na kuanzia hapo mahindi chotara yakaenea nchini. Wakulima wa Trans Nzoia hupanda Machi na Aprili, huvuna kati ya Oktoba na Desemba. Ukipita wakati huo utaona mahindi yameanikwa kwenye maturubai hadi ukingoni mwa lami, na malori yamejipanga kuyangoja.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Watu sita, kila mmoja robo kilo ya unga kwa siku, ni kilo moja na nusu. Kwa mwaka ni kilo 547 hivi, yaani magunia sita ya kilo 90. Tuseme mzee wa nyumba hii amevuna magunia kumi na mawili. Kwa hesabu ya darasani, sita yauzwe, sita yabaki, na hakuna atakayelala njaa. Lakini Januari shule zafunguliwa. Deni la mbolea lipo, aliyelima kwa trekta hajalipwa, na Desemba ina mambo yake. Mahindi ndiyo fedha pekee iliyomo nyumbani, na yauzwa wakati ambao kila jirani naye auza, bei ikiwa chini kabisa. Magunia kumi huondoka. Ikifika Mei au Juni, mahindi mapya yakiwa yangali mabichi shambani, mke wa mkulima huyu asimama dukani akinunua unga wa pakiti, pengine uliosagwa kwa mahindi yaliyotoka kijijini kwao.

Mwaka 2023 serikali ilitangaza kununua gunia kwa Sh4,000 kupitia Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB. Bei nzuri, ila bodi haipokei mahindi ambayo unyevu wake umezidi asilimia 13.5. Mwenye shamba kubwa na mashine ya kukausha alifika akauza. Mwenye ekari moja alikuwa bado amelitegemea jua, na jua la msimu ule lilikuwa la kubahatisha. Mahindi yakikataliwa na bodi, dalali yupo nje ya lango.

Hapa kwenye unyevu ndipo nataka tukae kidogo, maana pana jambo ambalo wasifu wa chakula cha nyumbani hatulisemi. Mahindi yasiyokauka hushika kuvu, na kuvu hiyo huzaa sumukuvu, ile tuisikiayo redioni kwa jina la aflatoksini. Kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Wengi wao hawakula chakula cha hotelini wala cha kopo. Walikula mahindi waliyoyalima wenyewe, wakayaweka ndani kabla hayajakauka, yakapikwa na mama zao kwa mapenzi yote. Nayo pakiti ya dukani si kinga kamili: mwaka 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Kwa hivyo usalama wa sima ya nyumbani waamuliwa kabla mwiko haujaingia sufuriani. Waamuliwa na turubai, na mashine ya kukausha, na kama ipo karibu au iko maili ishirini, na kama mtu ana nauli ya kupeleka gunia mbili tu. Mwaka 2023 serikali ilianza kusambaza mashine za kukausha zinazohamishika. Ni hatua nzuri. Lakini mashine iliyofungwa kwenye bohari la mjini haimfai mjane wa Endebess.

Tuvuke sasa twende Bungoma, mwendo mfupi kuelekea kusini-magharibi. Wabukusu walikuwa na chakula kamili kabla mahindi hayajatawala: busuma ya wimbi au mtama, na mboga ambazo mtu wa Pwani atazitambua nyingi, kama vile mrenda, saga, kunde, mnavu na majani ya maboga. Mrenda huchanganywa na kunde na kulainishwa kwa maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe. Saga ni chungu, hivyo hutiwa maziwa na kuwekwa, hupashwa tena kesho yake, na siku ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza. (Nasi twajua, mchuzi wa jana ndio mchuzi.) Hakuna cha kumfundisha mama wa Bungoma kuhusu lishe.

Kilichobadilika ni shamba. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilipoanzishwa miaka ya 1970, miwa iliingia hadi mlangoni mwa nyumba. Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, nao hauliki ukawa chakula cha jioni. Malipo yalipochelewa, na yamechelewa mara nyingi, familia ilibaki haina wimbi wala fedha ya kununulia wimbi. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya umma kwa makampuni binafsi kwa miaka 30, Nzoia kikiwemo. Mjadala wote ulikuwa juu ya madeni, ajira na nani amepewa. Mjadala wa robo ekari ngapi ibaki na mboga kwa kila nyumba inayolima miwa haukupata nafasi, na kwa maoni yangu hilo lilistahili kuwa sharti mojawapo.

Wanasiasa nao huukumbuka unga kwa majira yao. Ruzuku ya 2017 iliushusha hadi Sh90 kwa pakiti ya kilo mbili. Ile ya Julai 2022 iliufikisha Sh100. Miaka yote miwili ilikuwa ya uchaguzi, na zote mbili zilipita kama mvua ya manyunyu.

Basi turudi kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, KDHS, ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kilifi ni asilimia 37, ya juu kuliko kaunti zote. Ya pili ni Pokot Magharibi kwa asilimia 34, na Pokot Magharibi yapakana na Trans Nzoia. Ghala la nchi na watoto waliodumaa, ukuta kwa ukuta. Mwenye kudhani kuwa kuongeza magunia pekee kutatibu Kilifi na aitazame ramani hiyo.

Dawa nyingine zipo. Sheria ya stakabadhi ghalani ya mwaka 2019 yamruhusu mkulima kuweka mahindi katika ghala lililoidhinishwa na kukopa kwa stakabadhi yake, ili ada ya Januari ilipwe bila kuuza chakula cha Juni. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia fukusi na dumuzi bila dawa, ila mahindi lazima yawe makavu kwanza. Na karibu na Kitale, chuo cha Manor House kimekuwa tangu 1984 kikifundisha kulima mboga katika vitanda vidogo vinavyochimbwa kina kirefu na kutiwa mboji. Kitanda kama hicho chaweza kukaa nyuma ya nyumba Rabai au Magarini pia, maji yakipatikana, na maji ndiyo shughuli yetu sisi.

Bajeti za kaunti hupitishwa kabla Juni kwisha. Wawakilishi wa wadi watakuja kutusomea barabara na taa za mitaani. Wa Trans Nzoia na Bungoma waulizwe mashine za kukausha ziko vijiji vipi, na wa kwetu Kilifi waulizwe maji ya bustani yamewekewa shilingi ngapi. Juni ndio mwezi uo huo ambao mama wa Kiminini huanza kununua pakiti.